Feni Iliyosimama Kabla ya Kabasha

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuzima injini kabla ya kufungua boneti. Injini ikishazimwa, feni nzima na feni mbovu hazina tofauti, zote zimesimama. Hilo fundi yeyote analijua, na mimi nilikuwa najiita fundi. Nilikinga uso mpaka mvuke ukapungua, kisha nikachungulia. Mkanda ulikuwapo, umekaza vizuri. Mapanga manne ya feni yalikuwapo. Nikamwambia mama kwamba feni haina kasoro, maji tu ndiyo yamepungua. Nilisema kwa sauti kubwa, kwa kiburi chote cha mtu wa miaka ishirini na sita aliyefanya kazi gereji miaka mitatu.

Baba alikuwa amelala nyuma ya gari, juu ya godoro. Asubuhi hiyo, baada ya sala ya alfajiri, alianguka uani kwetu Butembo. Tulipomwinua, upande wake wa kulia ulikuwa umepooza na mdomo umepinda. Maneno hayakutoka tena, ila mguno tu. Daktari wa Butembo alikuwa amekimbia tangu waasi walipoingia mjini, lakini watu walisema yuko mmoja aliyebaki Beni. Basi tukampakia baba kwenye pikapu yake mwenyewe, mama akakaa kando yake, nami nikashika usukani. Tulikuwa tunapanda mlima kabla ya kufika Kabasha, njiani kwenda Beni, mshale wa joto ulipofika mwisho na mvuke ukafunika kioo.

Pikapu ile baba aliinunua kwa mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa, mwaka wa uhuru, wazungu walipokuwa wanauza hata vitanda vyao. Ilikuwa kuukuu tangu siku hiyo. Kwa pikapu hiyo alibeba maharagwe na viazi kutoka Musienene hadi Beni, akarudi na mawese, na kwa pikapu hiyo sisi sote tulikula. Aliijua kuliko alivyonijua mimi, nami nadhani aliipenda zaidi pia, lakini huo ni uchungu wangu unaosema.

Nikashuka bondeni na debe, nikateka maji kijitoni. Niliporudi injini ilikuwa bado inachemka, na huwezi kumwaga maji baridi kwenye injini ya moto bila kuipasua. Nikasubiri. Jua lilikuwa limeanza kuwaka na mama alikuwa ameshika kitenge juu ya uso wa baba. Mkono wa kushoto wa baba, ule uliobaki mzima, haukutulia. Ulikuwa unashika kiuno, unaacha, unashika tena.

"Baba iko nasema nini?" nikauliza.

"Anataka kujisaidia," mama akasema. "Tumushushe pole pole."

Tukamshusha, tukamshikilia kwenye majani kando ya barabara. Hakujisaidia. Alitutazama kwa hasira, akaguna, akatikisa kichwa, nasi tukamrudisha kwenye godoro. Nilikasirika naye. Niliona anatupotezea wakati, na wakati huo mimi ndiye niliyekuwa naupoteza.

Nikajaza maji. Nikawasha, tukaenda labda nusu kilomita, mshale ukapanda tena. Hapo nikaja na wazo la pili, la kifundi zaidi: thermostat, ile valvu inayoyapitisha maji kwenye injini, imeziba, maji hayazunguki. Nikaifungua, nikaitoa, nikaitupa kichakani, nikarudi tena kijitoni na debe. Kazi hiyo ilikula karibu saa nzima, pamoja na kungoja injini ipoe. Hakuna gari lililopita. Siku zile aliyekuwa na gari alikuwa ameshanyang'anywa na waasi, au amelificha. Tukawasha, tukaenda mwendo mfupi kuliko ule wa kwanza, mvuke ukatoka tena.

Mara ya tatu, kwa sababu ya kuchoka tu na si kwa akili, nilifungua boneti bila kuzima injini. Injini ilikuwa inanguruma na feni imesimama tuli. Ningeweza kuhesabu vumbi kwenye mapanga yake.

Nilizima, nikafungua mkanda. Feni niliizungusha kwa kidole, ikazunguka vizuri, kwa hiyo haikuwa imekwama. Dinamo nayo ilizunguka. Ikabaki puli ya chini, ile inayochukua nguvu ya injini na kuupa mkanda. Nikamwomba mama ashuke aizungushe injini kwa hendeli, ile fimbo ya chuma ya kuwashia, mimi nikalala chini kutazama. Mama hakuwa amewahi kugusa hendeli maishani mwake. Aliishika kwa mikono miwili, akasukuma kwa uzito wake wote, na nikaona shafti inageuka ndani ya puli, puli yenyewe imetulia.

Kati ya shafti na puli kuna kipande kidogo cha chuma, hakizidi kidole changu kidogo, kinachozifunga zigeuke pamoja. Kinaitwa klaveti. Nilidhani imekatika. Nilipofungua nati na kuivuta puli, sikuona chuma chochote. Niliona vibanzi vya mti. Mti mgumu, mweupe, wa mpini wa jembe, umechongwa kwa kisu na mtu mwenye subira.

Nilielewa hapo hapo, nikakaa chini barabarani.

Waasi walipoanza kukusanya magari, wenye magari wa Butembo walikuwa wanatoa delco, kifaa cha kugawa moto kwenye injini, wanaificha, gari lisiwake. Baba yangu mdogo alifukia ya kwake chini ya banda la kuku. Mimi sina kifua. Nilikwenda kunywa chai nikasimulia habari ya lile banda kwa kucheka, ili watu wajue ukoo wetu una akili. Siku mbili baadaye waasi walikuja, wakamlaza baba mdogo kifudifudi, wakampiga mpaka akafukua mwenyewe. Gari likaenda. Mgongo wake haukunyooka tena. Baba hakunigombeza. Aliacha tu kuzungumza nami juu ya gari.

Naye akatafuta hila yake peke yake. Gari lisilowaka lilimletea baba mdogo kipigo, basi la kwake yeye lingewaka. Wangelichukua, wangeondoka nalo kwa furaha, na huko mbele, mbali na nyumba yetu, mti ungevunjika, feni ingesimama, injini ingechemka, nao wangeliacha barabarani na kulilaani. Kisha yeye angelifuata kwa miguu, klaveti mkononi. Ilikuwa hila nzuri. Hata sasa naona ni nzuri.

"Mama," nikaita, "shika kiuno ya baba. Angalia mu kamba ya suruali."

Mama akapapasa. Mkono wa baba ukaacha kuhangaika.

"Kuko kitu," akasema. "Alifunga kitu mu kamba. Iko chuma."

Alipata shida kulifungua fundo, akatumia meno. Klaveti ilikuwa imepakwa grisi na kuzungushiwa kitambaa, safi kabisa. Baba alikuwa akituonyesha tangu saa tatu asubuhi.

Ninachokumbuka zaidi ya yote ni hiki, nami nakisema ingawa kinanitia aibu. Nilisimama juu ya godoro na kile chuma mkononi, nikamfokea baba yangu.

"Juu ya nini haukuniambia? Niko mutoto yako ao niko mwasi? Ungeniambia, saa hii tuko Beni kwa munganga. Utakufa hapa juu ya kipande ya muti!"

Mama akanishika mguu. "Acha," akasema. "Hawezi kukujibu."

Kweli hakuweza kujibu, na nadhani ndiyo maana nilithubutu. Akiwa mzima nisingempandishia sauti hata kidogo. Alinitazama. Mkono wa kushoto uliinuka kidogo kutoka kwenye godoro, ukarudi chini. Nikageuka nikaenda kwenye injini, kwa sababu nilikuwa na kazi ya kufanya na kazi ilinifaa kuliko macho yale.

Nikaipachika klaveti, ikaingia kwenye mfereji wake bila kugombana. Nikarudisha puli. Nilipokuwa nakaza nati nilimsikia mama ameinama sikioni mwa baba, anamtamkia shahada taratibu, neno baada ya neno, anangoja, anarudia. Kwetu kila mtu anajua hilo hufanywa lini. Nami nilijua. Nikajiambia kwamba mama anaomba dua tu, nikaendelea kukaza nati iliyokuwa imeshakaza.

Nikavalisha mkanda. Nikajaza maji. Nikazungusha hendeli mwenyewe, injini ikashika kwa mara moja, na feni ikaanza kuvuma, upepo wake ukanipiga kifuani. Nilisimama mbele yake muda mfupi, nimefurahi. Naam, nilifurahi. Nikapiga kelele, "Imepona, mama, twende!"

Nikageuka kumtazama mama. Kile kitenge alichokuwa anamkingia baba jua alikuwa amekitandaza usoni pake.

"Twende tu Beni," nikasema.

"Kufanya nini?" akauliza mama.

Nikageuza gari, tukarudi kuelekea Butembo. Mama akagonga paa la kabini, akaniambia niende polepole, nisimtikise. Nikaenda polepole. Feni ilizunguka njia nzima, mshale wa joto haukupanda hata kwenye milima, nami nilikuwa namwomba baba msamaha kwa sauti, peke yangu kule mbele, ambako hata angekuwa hai asingenisikia kwa ngurumo ya injini.