Mtu Niliyemuua kwa Tafsiri

Kikurya nililelewa nacho, Kiswahili nilifundishwa kwa fimbo, na kwa muda mrefu niliamini kwamba mwenye lugha mbili hakwami popote. Nilikuwa mwalimu kijana, mzaliwa wa Nkende, nimepangiwa shule ya msingi huko Nyarero mwaka ule watu walipokuwa wakihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Kiherehere nilikuwa nacho, sikatai. Karani wa kuandikisha kaya alipoletwa kutoka wilayani, na ikaonekana hajui neno hata moja la Kikurya, nilijitolea kuwa mkalimani kabla sijaombwa.

Karani alikuwa mtu wa Kilosa, mpole, mwenye mwandiko wa kupendeza. Daftari lake lilikuwa na safu: mkuu wa kaya, mume, mke, watoto. Kila kaya ilikuwa ipewe kiwanja kwenye mistari mipya ya nyumba, na kilichoandikwa mle ndicho kitakachofuatwa. Tuliketi darasani, foleni ikatoka hadi uwanjani.

Siku ya kwanza tu jasho likaanza kunitoka. Karani anauliza, "Baba yako nani?" Mtu anataja wanaume watatu, maana kwetu ndugu wa baba naye ni baba, na hakuna anayeona ajabu. Karani ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyewazaa wote. Nikawa namwambia aandike wa kwanza kutajwa. Mambo yakaenda, nami nikajiona mjanja.

Siku ya tatu akaingia mama mmoja mzee aliyejulikana Nyarero nzima kwa ulimi wake. Hakuwa na dogo. Nyuma yake alikuwa msichana mjamzito na watoto wawili wameshikilia kanga yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku macho yake yakiwa kwenye daftari.

"Huyu ni nani wako, bibi?" karani akauliza.

"Mkamwana wangu."

"Mumewe yuko wapi?"

Nikatafsiri. Mama akajibu bila wasiwasi wowote, "Hajazaliwa."

Hapa lazima nieleze, kwa faida ya asiyekulia kwetu. Mama huyu alizaa mabinti watatu, hakupata mtoto wa kiume. Mume wake alikwishafariki, na mke mwenzie alikuwa na mwana mkubwa ambaye siku nyingi alikuwa akiwamezea mate ng'ombe wa nyumba ile. Basi mama akafanya wanavyofanya wanawake wa kwetu. Alichukua ng'ombe wa mahari ya mabinti zake akamwoa msichana, amwolee mwanawe wa kiume ambaye angekuwepo. Watoto anaowazaa msichana ni watoto wa mwana huyo, wajukuu wa mama. Mwanamume anayekuja na kuondoka hana lake. Kwetu hilo si fumbo wala mzaha. Tunasema nyumba, na hatumaanishi kuta na nyasi. Tunamaanisha mama, watoto wake, ng'ombe wake, na wote watakaotokea kwake, waliopo na ambao bado.

Haya yote nilikuwa nayajua. Ningeweza kumwambia karani, ingechukua nusu saa. Lakini jua lilikuwa kali, foleni ndefu, na nitasema ukweli wangu: niliona aibu. Mimi niliyesoma, niliogopa mtu wa Kilosa atatucheka. Nikatafuta neno la Kiswahili litakaloingia kwenye safu yake bila maswali.

"Mume amefariki," nikasema.

Karani akaandika "marehemu", na kwenye jina la msichana akaandika "mjane". Kisha akainua kichwa akamwambia msichana, "Pole sana, mama." Msichana hakujua anapewa pole ya nini, akatabasamu.

Wakati wa chai nilimsimulia mwalimu mwenzangu, Mjaluo kutoka upande wa ziwani, nikidhani ataniona hodari. Hakucheka. "Kwetu aliyefiwa tunamwita mke wa kaburi," akasema. "Bado ameolewa, na watoto atakaozaa ni wa yule aliye kaburini. Karani wako akisema mjane anaona mwanamke aliyebaki peke yake, wa kuonewa huruma. Neno mlilokubaliana ni moja, ila kila mtu anamwona mwanamke wake. Na wewe umeandikisha wa tatu, mjane wa mtu ambaye hata kaburi hana." Nikamwambia aache falsafa, chai inapoa.

Ijumaa orodha ikasomwa mbele ya mkutano wa kijiji. Ilipofika kwa mama yule na kusomwa "mjane", akasimama mwana wa mke mwenzie. Alikuwa mtulivu kabisa, na nguo amevaa nzuri. "Ndugu Mwenyekiti," akasema, "kama serikali imeandika kwamba ndugu yetu amefariki, sisi ndugu zake tupo. Mjane, watoto na ng'ombe tutawachukua, tutawatunza."

Alijua wazi kwamba hakuna aliyefariki. Kila mtu pale alijua. Lakini mwenyekiti, aliyetahiriwa pamoja naye, akakuna kidevu akasema kilichoandikwa kimeandikwa, suala litaamuliwa kesho karani akiwepo.

Msichana ndiye aliyenifuata kwanza, mkono tumboni. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwalimu, huyu niliye naye hapa, atasemwa amezaliwa na maiti?" Nilimpenda wakati ule kama dada yangu na nikajichukia.

Kisha mama mwenyewe. Nilitegemea matusi, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akaja karibu sana, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nani alikufa kwangu? Mimi sikunyoa nywele. Hakuna aliyelia msiba. Mtu asiyezaliwa hafi, ndiyo maana nilimwamini. Wewe ukamuua kwa siku moja, tena ukiwa umekaa."

Asubuhi yake nilisimama mbele ya mkutano. Nilisema kwa Kikurya, halafu kwa Kiswahili, kwamba mimi ndiye niliyedanganya. Karani hakukosea, aliandika nilichomwambia. Nikamweleza nyumba ni nini kwetu, na mkamwana ni nani, na mume anawezaje kuwepo kabla ya kuzaliwa. Ilichukua zaidi ya nusu saa. Nilikwama mara nyingi, nikamwomba mama anisaidie, naye akanisahihisha mbele za watu bila kunihurumia. Watu wazima wakaitikia mmoja mmoja kwamba ndivyo ilivyo. Mwana wa mke mwenzie akaangalia viatu vyake.

Nilimtazama karani nikisubiri kicheko nilichokiogopa. Hakikuja. Aliuliza jambo moja tu, "Sasa mwalimu, hapa kwenye mume niandike nini?"

Nikampelekea mama swali. Akasema, "Aache wazi. Nafasi yake iwepo."

Karani angeweza kufuta kwa mstari, kama makarani wanavyofanya. Badala yake aliuchomoa ukurasa ule wote, wenye kaya kumi na kitu, akaketi akaunakili upya kwa mwandiko wake mzuri, mstari kwa mstari, mpaka akafika pale. Kwenye mkuu wa kaya akaandika jina la mama. Kwenye mke, jina la msichana. Kwenye mume hakuandika neno. Mwenyekiti akawa hana la kushika. Mama akapewa kiwanja chake, ng'ombe wakabaki kwao.

Mtoto alizaliwa wakati wa kupalilia mahindi. Wa kiume. Karani alikwisharudi wilayani, daftari likabaki kwangu shuleni, na mama akamleta mtoto amefungwa kwenye shuka ili nimwandike. Nikaandika jina lake chini ya wenzake wawili. Sikuuliza swali lolote, na nadhani aliliona hilo.

Aliponiona nafunga daftari akanizuia. Hakujua kusoma. "Nionyeshe mwanangu," akasema.

Nikafikiri anamtaka mjukuu, nikamwonyesha jina jipya, wino bado haujakauka. Akatikisa kichwa. "Huyu ninaye mkononi. Nionyeshe yule."

Nikafuata mstari kwa kidole mpaka kwenye nafasi tupu. "Huyu hapa, mama."

Akamhamishia mtoto mkono wa kushoto, akaweka kidole chake pale palipo peupe, akapapasa taratibu, mama anavyomfuta mwanawe uso. Kisha akaniambia nifunge daftari vizuri, lisiingie vumbi.