Saa ya Baba kwenye Mstari wa Njano

Baba yangu alistaafu mara mbili kwa siku moja. Asubuhi alirudisha funguo za ofisi ya tiketi ya stesheni, alikokuwa karani kwa miaka thelathini. Jioni, kabla hata ya kuvua tai, alikaa jikoni kwetu Rayners Lane, London, akavua saa ya mkononi na kurudisha mishale nyuma masaa sita.

"Ukenda kwa wenye chongo, fumba lako jicho," alisema. "Nimelifumba miaka thelathini, mwanangu. Leo nalifumbua."

Waswahili wengi huacha mshale kwenye tisa na mdomo ukasema saa tatu, wala hawaoni taabu. Baba hakutaka kuishi na mshale unaosema lake na mdomo unaosema lake. Unguja alikozaliwa, saa ya ukutani ya nyumbani kwao ilisema tatu ikiwa saa tatu, basi. Hata ya jikoni kwetu, marehemu mama aliitundika hivyo tangu siku tuliyohamia, na wageni wa Kiingereza wakiitazama hudhani betri imekwisha. Mimi nimekulia chini ya saa hiyo. Nafanya kazi mapokezi hospitalini, kwa ratiba za zamu zilizoandikwa kwa Kiingereza, lakini nikivuka kizingiti cha nyumba kichwa changu hugeuka chenyewe.

Magoti ndiyo yaliyomwangusha. Baridi yabisi ilianza goti la kulia, ikaona upweke, ikalifuata na la kushoto. Ilifika mahali kutoka mlangoni hadi kwenye gari lazima apumzike ukutani kwa jirani, akijifanya anatazama maua yake. Jirani mwenyewe hana maua, ana mapipa ya taka. Nikamwambia tuombe beji ya buluu, ile kadi ya kuegesha gari karibu anayopewa mtu asiyeweza kutembea mbali. Alikasirika siku tatu.

"Mie si kilema. Miguu imechoka tu, nami sijailaumu."

Nilichomshindia ni kinyozi. Kila Jumamosi asubuhi, kwenye duka la kinyozi mmoja Mturuki kule Wembley, hukutana wazee wanne: baba, mwenzake wa Unguja aliyekuja naye uhamishoni, Mpemba mmoja na Mkenya mmoja wa Mombasa. Kunyolewa ni kisingizio, kwani kati yao wanne nywele hazijazi kiganja. Wanakwenda kunywa kahawa ya tangawizi ya kwenye chupa na kubishana. Nilimwambia baba kwamba bila beji sitaweza kuegesha karibu, na bila kuegesha karibu, Jumamosi zimekwisha. Akasema lete hiyo fomu, lakini kwa sharti moja. Beji ikija, kijisaa chake ni chake yeye, mtu mwingine asikiguse.

Kijisaa hicho huja pamoja na beji. Ni saa ya kadi, ina gurudumu la kuzungusha kwa kidole. Ukiegesha kwenye mstari wa njano, ule wa kando ya barabara ambapo wasio na beji hawaruhusiwi kuegesha, unakiweka mbele ya kioo, kikionyesha saa uliyofika, ili mkaguzi ajue kama umezidisha masaa matatu unayoruhusiwa.

Fomu tuliijaza wiki nzima. Palipoulizwa anaweza kutembea umbali gani, alitaka niandike "inategemea ninakokwenda." Kwa kinyozi alikuwa anafika, kwa daktari alikuwa hafiki. Nikaandika ukweli wa magoti, si wa moyo, na beji ikaja.

Miaka karibu mitatu mambo yalikwenda vizuri. Baba alipendeza akiwa na kazi tena. Gari likisimama tu, anatoa kijisaa kwenye mfuko wa koti, anatazama mkono wake, anazungusha, anakiweka kioo cha mbele, anakinyoosha kama anayetundika picha ya arusi. Mimi sikukitazama hata mara moja. Sikuwa na haja, kwani siku zote tulipata nafasi ya walemavu kwenye kona ya duka, na pale saa hawaiulizi.

Jumamosi moja kona ilikuwa na gari la mafundi bomba. Nikaegesha kwenye mstari wa njano, mbele kabisa ya mlango wa kinyozi. Baba akafanya kazi yake, tukaingia. Tulipotoka, kwenye kioo palikuwa na bahasha ya plastiki.

Ilikuwa faini. Aliisoma mwenyewe, maana Kiingereza chake cha maandishi kinanishinda mimi. Ilisema kijisaa hakikuonyesha wakati sahihi wa kuwasili. Akakitoa garini, akakitazama, akatazama mkono wake.

"Tumefika saa tatu na robo," alisema. "Hiki kinasema saa tatu na robo. Uongo wangu uko wapi?"

Akawaita wenzake. Walitoka wote watatu, mmoja na taulo shingoni. Mzee wa Unguja alikitazama akasema ni saa tatu na robo barabara. Yule wa Mombasa akasema, "Huyo aliyeandika hajui kusoma saa, bwana." Mpemba akavaa miwani, akakisogeza karibu, akakisogeza mbali, akatoa hukumu ile ile. Nami, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, nilikitazama na sikuona kosa lolote. Baba alikuwa ameniuliza kwa Kiswahili, nikasoma kwa Kiswahili.

Kinyozi akaja na mkasi wake kuona wateja wamekimbilia wapi. Akainama.

"Anko," alisema kwa Kiingereza, "mshale uko kwenye tatu. Ulipofika kwangu ilikuwa tisa."

Mpemba akaanza kucheka kwa tumbo, bila sauti, akamwambukiza wa Mombasa, na mimi nikalazimika kuegemea boneti. Kwa miaka mitatu tulikuwa tumeiambia London nzima kwamba tunafika masaa sita kabla ya kufika. Nilipofuta machozi nikaona baba hacheki. Alikuwa ameikunja ile karatasi mara nne, anaitia mfukoni.

Sikujua kwamba imemchoma kiasi hicho. Nilitaka kulipa upesi, mambo yaishe. Akakataa. Alisema miaka thelathini alikaa nyuma ya kioo cha tiketi na hakuna mtu aliyewahi kumwita mwongo wa saa. Kulipa ni kukiri. Na Jumamosi iliyofuata, nilipochukua funguo za gari, nilimkuta bado na kanzu ya kulalia.

"Sendi," alisema.

Hakwenda Jumamosi hiyo wala iliyofuata. Alikaa jikoni chini ya saa ya mama, akinituma mara chumvi, mara gazeti, kama mtu anayetafuta kazi. Ndipo ikaja barua nyingine: beji inakwisha mwezi ujao, tuombe upya. Inahitaji picha yake mpya na idhini yake, na safari hii mtaalamu wa viungo ataupima mwendo wake. Nikaiweka mbele yake. Akaisukuma kwa kidole.

"Warudishie kadi yao. Mie nimekwisha kutembea."

Niliogopa, naisema wazi. Hospitalini nimeona wazee wanaoanza kwa kusema hivyo kuhusu safari moja, halafu safari zote, halafu kitanda. Kumbembeleza nilishajaribu. Basi nikafanya ninachojua kingemuudhi: nikachukua kalamu, nikaanza kuandika rufaa ya faini mbele yake, kwa Kiingereza changu cha ujumbe wa simu. Akavumilia mistari miwili.

"Hebu lete hapa," alisema. "Barua ya serikali haianzi hivyo."

Akaandika kutwa nzima, kwa kalamu ya wino, kurasa mbili. Aliwaeleza kwamba kuna watu ambao siku yao huanza jua linapochomoza, si katikati ya usingizi, na kwamba kwa watu hao saa ya kwanza ni ile mtu anayokunywa chai. Alieleza kwamba hakukusudia kumdanganya mkaguzi, bali alimwambia ukweli kwa lugha ambayo mkaguzi hakufundishwa. Kama ushahidi akaniagiza nipige picha saa ya jikoni na saa ya mkononi, pamoja na simu yangu katikati ikionyesha saa yao. Wenzake watatu wakatia sahihi. Mpemba aliongeza chini kwamba yeye binafsi alikikagua kijisaa na kilikuwa sawa. Tulimwomba aifute sentensi hiyo, akakataa.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Faini wameifuta kwa safari hii. Wameshukuru kwa maelezo, na wanaomba kuanzia sasa kijisaa kifuate saa ya Uingereza. Baba aliisoma, akairudia.

"Hawakuniita mwongo," alisema. Halafu, bila kunitazama: "Ile fomu ya pili uliitupa?"

Sikuwa nimeitupa. Ilikuwa chini ya mkeka wa meza, na picha tayari nilishampiga kwa hila akiwa anakula embe, lakini ilibidi tuirudie kwa sababu hawataki embe.

Siku ya kupimwa mwendo, mtaalamu wa viungo, dada mmoja mpole, alimwomba atembee kwenye korido hadi dirishani na kurudi. Yeye alikuwa na saa ya kubonyeza. Baba akanyoosha mkono wake wa kushoto, akatazama yake. Alitembea kwa fimbo, akasimama mara mbili, na safari hii hakukuwa na maua ya jirani ya kujisingizia. Alisimama tu, akahema, mbele za watu. Nilitazama viatu vyangu. Aliporudi dada akasema dakika nne na nusu.

Baba akatazama mkono wake. "Nne na nusu," alikubali kwa Kiingereza. Kisha akanigeukia mimi: "Kwenye dakika hatugombani."

Beji mpya ilikuja siku mbili kabla ya ile ya zamani kufa. Jumamosi nilimkuta mlangoni kabla yangu, amevaa koti, kofia imekaa sawa. Kule Wembley mafundi bomba walikuwa wamechukua tena ile kona, nadhani wamehamia. Nikaegesha kwenye mstari wa njano. Kwenye kioo cha kinyozi niliona vichwa vitatu vimeinuka.

Baba akatoa kijisaa. Kidole kikatua kwenye gurudumu, kikasita.

"Kwao saa ngapi?"

"Mshale kwenye tisa, baba. Na dakika kumi."

Akazungusha polepole, akakiweka kioo cha mbele, akakinyoosha. Kisha akavuta mkono wa koti, akatazama saa yake ya mkononi, ambayo hakuigusa.

"Jicho moja nimewafumbia," alisema, akafungua mlango na kuutanguliza mguu wa kulia. "Haya, saa tatu na dakika kumi. Wananingoja."