Ndugu Zangu Wananiombea Niishi, Ila Hawataki Nirudi Nyumbani

Habari admin, na hamjambo nyote mnaosoma ukurasa huu. Jina langu lifiche tafadhali, maana wengine wa ukoo wangu wamo humu humu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na saba, mjane, mzaliwa wa Same, naishi Thamesmead hapa London. Nina mtoto mmoja wa kiume, yuko Manchester kikazi. Nikimwandikia kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, na mara nyingi ananijibu kesho yake.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Marekani kumsalimia rafiki yangu niliyekuwa nafanya naye kazi ya kutunza wazee hapa London kabla hajahamia kule. Yeye ni mpenzi wa bahati nasibu. Tukiwa dukani akanieleza kwamba zamani kila jimbo lilikuwa na mchezo wake, baadaye majimbo kadhaa yakaungana kuendesha mchezo mmoja ili zawadi iwe nono, na mshindi halipwi kwa mkupuo, analipwa maisha yake yote. Nikamwambia, "Basi wakinipata mimi watalipa mpaka wachoke." Nikanunua tiketi kwa utani tu. Jamani, namba zangu zikatoka.

Haikuwa ile zawadi kubwa kabisa, lakini inanitosha na inabaki. Masharti yake ni kwamba naingiziwa kila mwaka maadamu niko hai. Nikifa inakatika, harithi mtu. Kwa hiyo kila mwaka naenda Harrow kwa wakili mmoja Mhindi mzaliwa wa Kisumu, agonge muhuri kuthibitisha kwamba bado napumua. Ananitania, "Mama, bado upo? Haya kaa, tunywe chai." Msinicheke, ile chai naisubiri mwaka mzima.

Kazi niliacha kwa ajili ya mgongo. Wenzangu wa kazini walinizoea kidogo, kisha kila mtu akashika lake. Nyumbani nilimjengea mama, nikamnunulia mdogo wangu wa kiume lori la mizigo, nikawasomesha watoto wa wadogo zangu wote. Sijutii hata kidogo. Simu zao zilikuwa ndiyo furaha yangu. "Dada, dawa ya presha umemeza?" "Dada, usitoke bila koti." Nikajiona napendwa.

Halafu nikawaambia nataka kurudi moja kwa moja nikae na mama. Mdogo wangu yule wa lori akasema, "Dada, huku hospitali zenyewe unazijua. Malaria ikikukamata tufanyeje? Kaa huko huko penye madaktari." Kila nilipoligusa lile jambo, jibu lilikuwa hilo hilo. Mwaka mmoja nikakata tiketi kabisa, wakanipigia mmoja baada ya mwingine wakinisihi nisisafiri kwa sababu moyo wangu ulikuwa unasumbua. Daktari wangu alisema naweza kusafiri, ila nikawasikiliza wao. Nikarudisha tiketi. Krismasi hiyo nilipika pilau, nikala peke yangu, nyingine nikampelekea jirani yangu Mnaijeria ambaye hata hakuwepo.

Mwaka huu mama akawa haji kwenye simu. Nikiuliza naambiwa, "Amelala," au, "Amekwenda kanisani." Kumbe alikuwa kitandani. Nikiwa kwenye basi natoka sokoni nikapokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja jirani yetu kule Same. Anasema, "Pole sana mwanangu. Tumempumzisha mama yako vizuri, watu walikuwa wengi. Alikuwa anakuulizia wewe mpaka mwisho." Nikausikiliza tena nikidhani amekosea namba. Nilishuka kituo ambacho sikijui, nikakaa pale na mifuko yangu. Watu wanapita, hakuna wa kumwambia mama yangu amekufa.

Nilipompigia mdogo wangu hakukana. "Dada, tulikaa kikao. Tuliona ungepata mshtuko, tena ndani ya ndege."

"Mkanizuia kumzika mama yangu?"

"Wewe ndiye tegemeo letu. Ukianguka wewe, watoto wangapi wanatoka shule? Lori lina deni, unajua. Hata mama mwenyewe angeelewa."

Nikamwambia, "Mama alikuwa ananiulizia." Akasema atanitumia video ya mazishi. Aliituma. Sijaifungua.

Sasa kuna ibada ya kuweka msalaba kaburini. Nimekata tiketi, na nimewaambia sirudi London, nahamia nyumba ya mama. Mdogo wangu kasema nikija kwa wiki moja atanipokea, nikija kuhamia yeye hayumo, maana naenda kujiua na kuwaua wote. Mwanangu kaniambia niende tu, akakata simu kwa sababu alikuwa kazini. Mdogo wetu wa mwisho wa kike, niliyembeba mgongoni, alinipigia kwa siri analia: "Dada njoo, nimekukumbuka. Ila usiwaambie nimekwambia." Moyo wangu ukafunguka. Kabla hatujaagana akauliza, "Lakini ukija, ile pesa itaendelea kuingia?"

Nikamjibu kwamba itaendelea. Akasema, "Asante Mungu," akalia zaidi. Mpaka leo sijui yale machozi ya mwisho yalikuwa yangu au ya pesa.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, hasa mliokaa ugenini muda mrefu, nishikeni mkono. Niende nikaishi na watu walionificha kifo cha mama yangu, kwa kuwa ndio damu yangu na sina wengine? Au nibaki hapa nilipo, niendelee kuwatumia, na kuishi tu kwa sababu nikifa watakosa? Ningekuwa dada yenu, mngeniambia nini?