Ng'ombe Arobaini Uwanjani

Fundi wa kuchomelea mageti hapa mtaani Kambarage, Shinyanga, hurusha ndege kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine yake. Ndege ni ya mchezo wa kompyuta. Usukani ni wa baiskeli kuukuu, ameuunga mwenyewe. Vidole vyake vyenye makovu ya cheche huushika taratibu, kama mtu aliyebeba kifaranga. Hatui moja kwa moja. Kwanza huzunguka chinichini juu ya uwanja wa ndege, akinguruma kwa mdomo, kufukuza ng'ombe.

“Ng'ombe gani, fundi?” Mama Noela, jirani yetu, alizoea kumcheka akitazama kompyuta. “Hapo hamna hata mbuzi!”

“Kampuni ya mchezo imewasahau,” alikuwa akijibu.

Aliiandikia miaka mitatu iwaongeze, wala haikumjibu. Mwaka huu toleo jipya limewaruhusu wachezaji kujenga viwanja wenyewe, naye akajenga upya uwanja wetu wa ndege wa Shinyanga, pamoja na ng'ombe arobaini kama wale wanaochungwa humo kweli. Jana Mbrazili mmoja, akicheza huko kwao, alikuja kutua humo bila kuzunguka. Tukamwona kwenye kioo cha kompyuta akiwakuta ng'ombe njiani, akapaa tena mbiombio. Fundi akarukia juu ya benchi, mikono hewani: “Zunguka kwanza, ndugu yangu! Hapa pana wenyewe!”