Kilo Ishirini na Moja

Wagonjwa walimwita Mama Sukuma, maana kwa miaka kumi na tisa kazi yake hospitalini ilikuwa kuweka kipimo kidogo mbele ya mguu wa mtu aliyetoka chumba cha mahututi na kumwambia, "Sukuma!" Kanuni ya ofisi ilikuwa nyepesi: mguu ukifikisha kilo ishirini, mgonjwa amepona, na mazoezi yake yanakoma siku hiyo hiyo. Ngazi za nyumbani kwake hazikuulizwa.

Mgonjwa wa siku hiyo, fundi mwashi, alikaa ghorofa ya nne, na mpaka leo alikwenda msalani kwa kushika ukuta. Wiki iliyopita alisukuma kilo kumi na nane. Mama Sukuma akamwinamia kama anayekaza mkanda wa kipimo.

"Leo usijikaze sana, kaka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada," akajibu fundi, ambaye hakuelewa kitu.

"Miguu ya kuku hiyo, atajikaza na nini?" mkewe akamtania kutoka kwenye benchi.

Basi fundi akauma meno, mishipa ya shingo ikamtoka, akasukuma. Ishirini na moja. Mkewe akapiga makofi. Msimamizi, aliyekuwa akipita mlangoni, akachungulia namba, naye akapiga.

Mama Sukuma alikuwa amekusudia kuandika kumi na tisa. Akaandika "Amepona" na kugonga muhuri.

"Si niliwaambia mimi bado dume?" akasema fundi, huku akimnyooshea Mama Sukuma mikono yote miwili ili amwinue kitini.