Siku Bwana Stroppel Alipotoa Sifa

Gebhard Stroppel alikuwa mchoyo wa maneno. Hakuwa na roho mbaya; ndivyo tulivyo wengi wetu upande huu wa Ziwa Konstanz, kusini mwa Ujerumani, ila yeye alizidi. Ukimpelekea mchoro wa gia, aliuinamia, akavuta pua, kisha akausukuma urudi kwako bila kusema kitu. Hapo ujue umefaulu. Akigombeza, kuna cha kurekebisha, na kugombeza kwake kulikuwa kurefu. Na sifa? Sifa kiwandani kwetu zilitolewa siku mtu anapoagwa akiacha kazi, pamoja na mkate, soseji na glasi ya mvinyo. La sivyo, makaburini. Hata mkewe, Mechthild, alijua tambi zake zimekolea pale mume alipojiongezea sahani ya pili kimya kimya.

Kazi yake tangu ujana ilikuwa giaboksi za magari, zile ambazo ndani yake gia ndogo huizunguka gia ya kati kama sayari zinavyolizunguka jua, zote zikiwa zimefungiwa katika pete moja yenye meno. Ni kitu kizuri mno, na sioni haya kusema hivyo. Lakini kina ulafi: gia zikizama katika mafuta huyakoroga kama mwiko kwenye uji mzito, na nguvu ya injini hupotea bure. Aliyeupatia dawa ulafi huo ni Annerose Kibler, mhandisi kijana katika ofisi ya Stroppel. Alipunguza mafuta mpaka gia ziyaguse kidogo tu, kisha akatoboa njia nyembamba ndani ya pini za zile gia ndogo, ili pampu iyapeleke mafuta pale pale penye beringi. Stroppel aliutazama mchoro ule asubuhi nzima. Akausukuma bila neno, na Annerose akatembea kwa madaha wiki nzima.

Halafu Hubert Wocher, dereva wa majaribio, akarudi kutoka milimani gari lake likiwa limebebwa na lori.

"Kupanda lilikuwa tamu," alisema, akitupa glavu mezani. "Kushuka ndiyo balaa. Nimeliachia liserereke, injini inanguruma kidogo tu, mara giaboksi ikalia kama nguruwe anachinjwa. Jamani, nilimwona mke wangu kashavaa nguo nyeusi!"

Walipoifungua, pini zilikuwa nyeusi na beringi zimeungua. Sababu ilikuwa wazi: gari likiserereka, injini huzunguka polepole na pampu nayo polepole, lakini gia ndogo zinakimbia vibaya. Mafuta hayakuzifikia.

"Kosa ni langu," Annerose alisema. "Nilipima kupanda, nikasahau kushuka."

Wote walisubiri Stroppel amgombeze. Hakumgombeza, kana kwamba hapakuwa tena na cha kurekebisha. Alimwonea huruma binti yule, akaondoka akiwa ameinamisha kichwa, na balaa la pili likaanzia hapo.

Wakubwa wa juu walitaka kurudia giaboksi ya zamani na kumtoa Annerose kwenye kazi ile. Stroppel aliwapandia ofisini, akapiga meza. Aliwaambia hakuna mwingine atakayeweza kuimaliza, hata yeye mwenyewe hawezi. Wakasalimu amri. Annerose angebaki.

"Na yeye umemwambia?" Mechthild aliuliza wakila chakula cha jioni.

"Atajua."

"Atajuaje? Ataota? Mwambie mtoto wa watu neno jema, Gebhard. Mdomo hautachubuka."

Basi Ijumaa alifunga tai, maana aliona jambo lenyewe ni zito. Akasimama mbele ya meza ya Annerose, ofisi nzima ikitazama.

"Bi Kibler, kazi yako ni nzuri. Tangu nianze kazi sijaona mchoro mzuri kama ule. Nimetaka ulijue hilo."

Kila mtu aliacha alichokuwa akifanya. Annerose alisimama, rangi imemtoka usoni, akampa mkono. "Asante kwa yote, Bwana Stroppel," alisema. Stroppel, masikio yakimwaka kwa aibu, akatoka mbio. La kubaki hakulitaja, alidhani sifa zile zimeshalisema.

Jumatatu meza ya Annerose ilikuwa tupu.

"Ulimwambia nini binti wa watu?" Hubert aliuliza.

"Nilimsifu."

"Ulimsifu! Na tai shingoni! Ndugu yangu, si umemzika mtu akiwa hai?"

Stroppel alinyakua kofia. Aliingia garini akaenda moja kwa moja mji wa Ravensburg, alikokuwa akiishi Annerose. Alimkuta na ufagio ngazini. Ilikuwa zamu yake ya kufagia jengo. Stroppel hakumsalimu.

"Ile njia ya mafuta!" alifoka kutoka chini. "Nani kakufundisha kuitegemea pampu peke yake? Mafuta yanarushwa pembeni bure, wewe huyaoni? Weka kikinga ubavuni kiyadake, kiyapeleke kwenye pini hata pampu ikilala! Mhandisi mzima! Kesho asubuhi nautaka mchoro mezani!"

Annerose aliuegemea ufagio. Midomo ilimcheza, akacheka, kisha machozi yakamtoka.

"Kwa hiyo sikufukuzwa?"

"Nani akufukuze? Nimegombana na wakubwa kwa ajili yako!"

Akaketi pale pale kwenye ngazi. "Nimetia sahihi leo asubuhi, Bwana Stroppel. Kwa watu wa mota za umeme, kule Ulm."

"Waambie umebadili nia."

"Nimeshawapa neno langu."

Stroppel alivua kofia. Moyo ulimuuma kweli kweli.

"Ungenigombeza tu ile Ijumaa," Annerose alisema, akijifuta uso kwa kiganja. "Tena mbele ya watu wote. Ningebaki."