Karavani Kutoka Hamriya

Nilipopewa talaka nilirudi kwa kaka yangu, mji wa Sib karibu na Maskati, na sanduku moja na cherehani. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kaka hakuniuliza neno. Alinipa kitanda katika chumba cha binti zake wawili, na wifi yangu akanitengea rafu kabatini. Walinitendea wema, siwezi kusema vingine. Lakini nyumba ile ilikuwa ya Kiarabu kutoka asubuhi hadi usiku. Wifi alizaliwa Nizwa, Kiswahili hakijui hata salamu, na wale binti wakinisikia naomba kitu kwa Kiarabu changu wakiziba midomo kwa shela zao wakacheka. Kaka mwenyewe, niliyekua naye Unguja, alikuwa akinisemesha Kiswahili tukiwa garini tu, wawili peke yetu.

Nilitaka mlango wangu. Kupanga fleti, mwanamke peke yake, kaka hakutaka hata kulisikia. Ndipo mwenzangu mmoja wa ofisini Ruwi, nilikokuwa napiga chapa, akaniambia kuna bibi mmoja mtaa wa Hamriya anauza karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari. Marehemu mumewe alikuwa akienda nayo pwani siku za baridi.

Nikamwambia kaka, "Niruhusu niiweke pale nyuma, karibu na tangi la maji. Nitakuwa kwako, na nitakuwa kwangu."

Akafikiri kidogo. "Haya, lakini tutakwenda kuitazama pamoja. Vitu vya mkono wa pili vina mambo."

Alhamisi hiyo akaitwa kazini. Mie sikuweza kungoja. Nikachukua teksi nikaenda.

Nyumba ya yule bibi ilikuwa nyuma ya maduka, na karavani imeujaza ua, nyeupe, imepakwa rangi juzijuzi. Nilitoa salamu kwa Kiarabu. Akanitazama usoni, akasema, "We mtoto wa Unguja wewe. Sehemu gani?"

Nikamwambia Malindi. Akapiga makofi, bangili zikagongana mikononi mwake. Yeye alikuwa wa Kikwajuni. Tangu mumewe kufa, akasema, hana wa kuzungumza naye. Wanawe wanamjibu Kiarabu, wajukuu wanamjibu Kiingereza. Akaniingiza ndani ya karavani, amenishika mkono, akanipitisha upande wa jiko hadi kwenye benchi la dirishani. "Kaa hapa, mwanangu, hapa pana upepo." Chini palikuwa na zulia jipya la kijani, ukutani karatasi yenye maua. Kulikuwa na harufu kali ya udi. Alikuwa amefukiza kila pembe.

Tulikaa mpaka adhana ya alasiri. Aliniletea kahawa na halwa, akanisimulia jinsi mumewe alivyokuwa akikaanga samaki nje huku yeye akishona kofia mlangoni. Nami nikamweleza habari ya talaka yangu, ambayo sikuwa nimemweleza mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi ndiyo hivyo. Usimlilie." Sikufungua kabati hata moja. Sikuinama kutazama chini wala sikugonga ukuta. Nilipotoka nilikuwa nimekwisha kukubali.

Kaka alipokuja na pikapu kuivuta aliizunguka mara mbili, kisha akaifunga tu, kwa kuwa ahadi nilishaitoa. Njiani, kabla ya kufika kiwanja cha ndege, tairi moja likapasuka. Tukashuka. Kwa mbali lilionekana zuri, meno yake yote yapo, lakini ubavuni lilikuwa limechanika nyufa ndogondogo kama matope ya wadi, bonde la maji ya mvua, yaliyokauka. Lilikaa juani miaka bila ya kutembea.

"Umetazama na chini?" kaka akauliza, akifunga tairi la akiba.

"Yule bibi mtu mwema," nikamjibu.

"Sikuulizi bibi. Nakuuliza chuma."

Miezi ya mwanzo nilikuwa na furaha ya peke yangu. Nilitundika pazia, nikaweka cherehani yangu dirishani, nikajipikia wali wa nazi bila ya mtu kuuliza ni nini hicho. Nilifunga mlango kwa ndani kila jioni, si kwa hofu, ila kwa raha ya kusikia kitasa. Harufu ya udi ilipokwisha ikatokea nyingine, kama nguo iliyokunjwa haijakauka. Nikadhani ni bahari.

Maskati mtu anaweza kukaa mwaka mzima asione mvua, na paa bovu likapita kwa paa zima. Ilipokuja, wakati wa baridi, ilinyesha siku mbili. Asubuhi ya pili niliona karatasi ya maua imevimba tumbo. Nikaibonyeza kwa kidole, kidole kikaingia ndani ya ukuta kama kwenye mkate. Nikarudi nyuma kwa mshtuko, na pale katikati ya zulia, kando ya kijimeza, mahali ambapo siku zote nilikuwa nakwepa kupakanyaga bila ya kujua kwa nini, mguu wangu ukapita sakafuni mpaka gotini.

Nilipiga kelele. Hakuna aliyesikia. Mvua ilikuwa juu ya bati, na wenyewe wamelala upande wa pili wa nyumba. Nikajitoa mwenyewe, muundi umechunika, nikakaa juu ya kitanda nikingoja kuche vizuri.

Kaka alipolifunua zulia tukakuta ubao mpya umepigiliwa juu ya mbao zilizooza, nyeusi, zinamong'onyoka mkononi. Kuta vivyo hivyo. Paani, kila kiungo kilikuwa kimepakwa gundi nyeupe juu ya gundi nyingine, yote imekatika kwa jua. Fremu ya chini ilikuwa imeliwa na kutu ya chumvi ya pwani, kisha ikapakwa rangi.

Ndipo nikaukumbuka ule mkono wa bibi ulionipitisha upande wa jiko, nisikanyage katikati. Nilikuwa nimeupenda ule mkono.

Nilikwenda Hamriya bila ya kupiga simu. Alinifungulia mwenyewe, akafurahi, kisha akaona nnavyochechemea, furaha ikamtoka.

"Umeanguka sakafuni," akasema.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nlijua. Marehemu alikuwa akiziba kila mwaka. Alipokufa, wanangu wakaipaka rangi, wakaweka zulia. Wakaniambia, mama, usiseme kitu."

"Na wewe hukusema. Umenikalisha, umenipa halwa, umenisikiliza mambo yangu, hukusema."

Akaliangalia lile eneo la uani ilipokuwa karavani. "Walikuja watu wengi kabla yako. Wanagonga, wanainama, wanaondoka. Wewe ulikaa. Mie nilitaka ukae. Nikikwambia sakafu imeoza, ungeondoka na wewe."

Alitaka kunirudishia fedha. Akasema atamwambia mwanawe mkubwa. Nikamwambia sitaki. Akaniletea kahawa, nikaiacha juu ya meza, nikatoka. Kwenye teksi nililia, na mpaka leo sijui kwa hakika kama nililia kwa karavani.

Tulipata fundi, akabadilisha sakafu na ukuta mmoja. Paa kaka alilifunika kwa turubai. Hasira zangu zilichukua miezi kupoa. Siku moja, mwezi wa Ramadhani, nilimaliza kula futari peke yangu, nikaingia kwa wifi nikapiga simu Hamriya. Mwanamume akapokea, kwa Kiarabu. Mama amehamia Sohar kwa dada yao, akasema, huko simu hazungumzi sana, masikio yamepungua.

"Mwambie aliyenunua karavani anamsalimu," nikasema.

"Karavani ipi?" akauliza. Nikaeleza. Nadhani alihisi nataka kugombana, akasema upesi atamfikishia, akakata.

Nilikaa mle hadi miaka ya elfu mbili ilipoanza. Binti za kaka waliolewa, mmoja baada ya mwingine, nami nikawashonea nguo za harusi kwenye dirisha lile. Siku nyingi nilisema maneno matano au sita tu kutoka ofisini hadi kulala. Kisha kaka akakubali nipange Ruwi, maana nilishakuwa mtu mzima na watu hawana tena la kusema.

Aliyekuja kuinunua alikuwa mzee wa Barka. Nilimwonyesha kila kitu: mbao zilizobaki mbovu, kutu, paa, matairi. Nilimwinamisha hata chini akatazame. Alisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Bibi," akasema, "mimi nataka kufugia kuku."

Akaifunga kwenye gari lake, akaiondoa taratibu. Nilibaki nimesimama karibu na tangi la maji. Jioni watoto wa jirani waliona uwanja umepata nafasi, wakaingia na mpira wao.